Upawa wa Jumamosi

Nilianza kumshuku siku ya kwanza, kabla hata hajafungua mdomo. Muuguzi alikuwa ameniambia nitapewa mwenzangu, mtu aliyepitia ninayoyapitia, wa kula naye chakula cha mchana kila Jumamosi. Kichwani nikajichorea msichana wa rika langu, mwembamba, aliyevaa sweta kubwa juani. Nikamkuta mama wa Kihindi aliyevuka hamsini, amesimama nyuma ya meza ya duka lake la vitambaa, karibu na soko kuu la Arusha. Mikono yake ilikuwa imejaa, na bangili za kioo zilikuwa zimembana juu ya kiganja hata hazichezi. Alikuwa anapima kitambaa kwa fimbo ya mita huku anabishana na mteja kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Nikasema moyoni, huyu hajawahi kuogopa sahani hata siku moja, huyu amewekwa kunichunga.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa Jumamosi?"

Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, kwa jicho lile lile alilokuwa akitazamia kitambaa, akasema nipite nyuma, chakula kiko tayari. Nikapita huku nimeukumbatia mkoba wangu kana kwamba kuna mtu alitaka kuuchukua.

Inabidi nieleze nilifikaje huko. Kushuku ndiyo kazi yangu. Mimi ni mkaguzi kwenye shamba la maua upande wa Usa River. Waridi zikitoka kwenye grinihausi huletwa mezani kwangu, nami natafuta kasoro kabla hazijafungwa kwenda uwanja wa ndege. Ua linaweza kuwa zuri machoni pa watu wote, mimi nikaligeuza, nikafunua petali ya tatu, nikakuta ukungu wa kijivu umejificha. Miaka minane nimelipwa kwa kutoamini kinachoonekana. Nilipoanza kujikagua mwenyewe mbele ya kioo kwa macho hayo hayo, hakukuwa na mtu wa kunisimamisha.

Ujanja niliotumia kukwepa chakula siutaji hapa. Mwingine niliupata kwa kusoma habari za mtu kama mimi, na sitaki mtu aupate kwangu. Itoshe kusema kwamba nilihama nyumbani kwa mama Usa River, mahali ambapo ningeweza kwenda kazini kwa miguu, nikaenda kupanga chumba Sokon I, mbali kabisa, kwa sababu moja tu: meza ya mama. Nyumbani niliaga kwamba ni kwa ajili ya kwaya. Mama aliamini, au alijifanya kuamini. Sisi ni Wachaga wa Kilutheri, na mtu akisema kwaya hakuna wa kumpinga.

Nikakonda. Kwetu mtu akikonda haulizwi kama anaogopa chakula; watu wana majibu yao tayari. Kazini walinong'ona kuhusu ule ugonjwa mkubwa, na kwa ajili ya midomo yao nilipima mara tatu, na mara zote tatu sikuwa nao. Shangazi yangu alisema kuna mtu ameniroga kwa wivu. Jirani wa Sokon I alimwambia mwenye nyumba achunguze kama sina kifua kikuu, nisije nikawaambukiza wapangaji. Wote walinishuku, na wote walishuku kitu kisichokuwepo, jambo ambalo lilinifaa sana. Wakati wanatafuta ugonjwa wao, mimi niliendelea na wangu.

Halafu nikaanguka kazini, juu ya meza ya kukagulia, mafungu ya waridi yakanimwagikia kama marehemu mwenye uwezo. Wenzangu walicheka baadaye, nami nilicheka nao. Lakini sikuweza kuinuka mwenyewe, na nilipoinuliwa na wasichana wawili niliona walivyotazamana kwa jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Baada ya kuzungushwa huku na huku nikaelekezwa kwa muuguzi mmoja Kaloleni, mwanamke mtulivu aliyesomea magonjwa ya akili, anayeonana na watu kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani. Yeye hakuniuliza ninakula nini. Aliniuliza, "Ukikaa mezani, unaogopa nini?" Nililia mpaka nikakasirika, kwa sababu sikuwa nimepanga kulia. Siku ile nilisema mambo mengi ambayo hata sasa siyakumbuki yote.

Alisema watu wenye shida hii wapo hapa mjini, ila hawatoshi kuwa kikundi, na waliopo wanaoneana aibu. Kwa hiyo yeye huwaunganisha wawili wawili. Masharti yake aliyaandika kwa mkono kwenye karatasi, akanipa nikae nayo. Hatutajiani kilo. Hakuna anayejipakulia, kila mmoja anampakulia mwenzake, kwa sababu mgonjwa wa namna hii hudanganywa na mkono wake mwenyewe. Hakuna kuinuka mezani mpaka sahani zote mbili zimekwisha. Sahani ya Jumamosi ndiyo kipimo cha wiki: ukirudi kwako unapakua kama ulivyopakuliwa, maana sisi tumeshasahau sahani ya kawaida inafananaje. Na la mwisho, ukiona mwenzako anateleza, mwambie yeye kwanza, ndipo uniambie mimi.

Hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Nikaelewa kwamba nimetafutiwa mpelelezi.

Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa na meza ya mbao, viti viwili, na majora ya vitambaa yaliyorundikwa hadi karibu na dari. Palikuwa na harufu ya bizari na ya nguo mpya. Alifungua hotpoti tatu: wali, dengu, bilinganya. Akanipa upawa.

"Anza wewe," akasema.

Sikuuliza kwa nini. Yeye mkubwa, mimi mdogo. Nilikolelewa mimi, mdogo humpakulia mkubwa kwanza, na nikaona kumbe hata kwao ni hivyo hivyo. Nikamtilia upawa mmoja wa wali, nikasita, nikaongeza wa pili, nisije nikaambiwa mtoto wa Kichaga ana mkono wa birika. Dengu nikamwagia juu. Ndipo naye akavuta sahani yangu, akatia pawa mbili, akanisogezea.

Nilikaa na ile sahani zaidi ya saa nzima. Yeye alimaliza yake, hakuinuka. Mteja aliita mbele, akamjibu kwa sauti arudi baadaye. Alinieleza tofauti ya pamba halisi na pamba iliyochanganywa, kwamba ukichoma uzi wake unajua kwa harufu, huku mimi nikitafuna na kumchukia. Punje ya mwisho ilipokwisha hakusema hongera. Alikusanya vyombo akasema, "Jumamosi ijayo ni kwako. Mimi sili nyama."

Hapo nikamkamata, au nilidhani nimemkamata. Mtu asiyekula nyama ana pa kujifichia. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha nyama, halafu mafuta, halafu hiki na kile, kila kimoja kwa sababu nzuri ya kuwaambia watu. Basi Jumamosi iliyofuata, amekaa juu ya kitanda changu kwa kuwa nina kiti kimoja, nikampa kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, nikamuuliza kwa adabu ameacha nyama tangu lini.

"Kuacha? Sijawahi kuanza," akasema. "Babu yangu hakula, baba yangu hakula, mume wangu hali. Vizazi vinne hapa Arusha. Ukoo mzima tuna ugonjwa?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikaona aibu, lakini shaka yangu haikuisha, ilihama tu.

Ilihamia kwenye upelelezi. Mwezi wa pili, nilipokwenda Kaloleni kwa miadi yangu, muuguzi aliniuliza habari za kwaya. Sasa, kisa cha kwaya, kwamba ilikuwa uongo wa kumkimbia mama, kwa kumbukumbu yangu nilikuwa nimemsimulia yule mama peke yake. Nikarudi Jumamosi nimevimba. Sikumuuliza kitu. Nilikula kimya, nikamjibu ndiyo na hapana, na kuanzia siku hiyo nilichuja maneno kabla ya kuyatoa. Naye hakuuliza kwa nini nimenuna. Nikahesabu hilo nalo kuwa ushahidi, kwamba asiye na hatia angeuliza.

Hata hivyo alizidi kunisimulia mambo yake, kidogo kidogo, wakati mwingine huku anakata kitambaa cha mteja na kurudi mezani. Ugonjwa ulimwanza akiwa shule. Kwao kuna siku za kufunga, na yeye akafunga siku hizo, halafu akajiongezea nyingine, na kila alivyozidi kupungua watu walimsifia dini. "Nilifunga kuliko bibi yangu," alisema. "Bibi alikuwa ananionyesha kwa wageni." Alikuja kutibiwa akiwa na watoto wawili. Sasa ni zaidi ya miaka kumi hafungi kabisa, na mama mkwe wake, kila siku ya mfungo, hamsemeshi mpaka jua lizame.

Nikamwambia kisingizio changu mimi kilikuwa Kwaresima. Kwetu si lazima, lakini mtu akisema amefunga, nani atamsukumia sahani? Nilikuwa nafunga Kwaresima inayoanza mwezi mmoja kabla ya Kwaresima. Alinitazama, akatikisa kichwa, tukacheka wote wawili kicheko kibaya, cha wezi waliokutana. Siku ile nilimwamini kwa muda wa dakika kumi hivi.

Na nilikuwa napona, lazima niseme ukweli. Nywele ziliacha kubaki kwenye kitana. Kazini niliweza kubeba ndoo ya waridi mwenyewe. Jumapili moja nilikwenda Usa River nikala kwa mama, nikajipimia kwa sahani ya Jumamosi, na mama akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu bila kazi yoyote ya maana. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa imebadilika. Nilirudi Sokon I nikiwa na furaha ya kweli.

Kilichoniangusha ni sifa. Nje ya kanisa, baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi cha akina mama alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akasema mbele ya watu, "Sasa umenenepa, umependeza, umekuwa mtu." Kwetu hakuna neno zuri kuliko hilo. Angeweza kulisema kwa binti yake siku ya harusi. Nilitabasamu, nikashukuru, nikamwambia Mungu ni mwema. Nilifika chumbani kwangu nikafunika kioo kwa kanga.

Jumamosi hiyo mkono wangu ulikuwa mzito. Nilipompakulia yule mama nilimtilia upawa mmoja na nusu, nikajiambia wali wenyewe umekauka. Nilimtazama kama atasema. Hakusema. Akavuta sahani yangu akapakua, na nilipoiona nikajua mara moja kwamba amenipunguzia. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Halafu, nikiwa bado nimeshika kijiko, ile furaha ikageuka swali. Kwa nini amenipunguzia? Mtu aliyepona zaidi ya miaka kumi hakosei upawa.

Tangu hapo sikuwa na amani. Jumamosi iliyofuata alinipunguzia tena. Zamu ilipofika kwangu, Sokon I, nilipika kiburu kidogo, kwa kuwa maharage yalikuwa machache, nikampakulia kilichokuwepo, naye akanipakulia kiduchu. Nikala nikamaliza haraka, naye akamaliza haraka, tukabaki tunatazamana na muda mwingi mkononi. Zamani tulikuwa tunaondoka mezani saa tisa. Sasa saa saba na nusu tulikuwa tumeshaosha vyombo.

Nilimkagua. Nilimgeuza kama ua. Niliona anavyojifunga mtandio mpana ndani ya duka wakati wa joto. Niliona amehamisha meza ya kukatia kitambaa ili asimame akiwa amekipa mgongo kioo cha wateja. Halafu niliona bangili. Alinyoosha mkono kushusha jora la juu, na zile bangili za kioo, ambazo siku ya kwanza hazikucheza, zikateleza zote kwa mlio mmoja mpaka karibu na kiwiko. Aliushusha mkono upesi. Jumamosi ya pili yake alikuwa amevaa mpira wa nywele chini ya bangili, mweusi, wa kuzizuia zisishuke. Mtu mwingine angesema ni urembo. Mimi niliwahi kuvaa mkanda uliotobolewa matundu mapya kwa msumari wa moto, na niliujua ule mpira ni kitu gani.

Sasa niseme nilichohisi, maana haikuwa shaka tu. Nilikuwa nimeanza kumpenda, na nilikasirika kwamba amenidanganya. Zaidi ya hasira kulikuwa na hofu. Kama yeye, aliyesimama zaidi ya miaka kumi, ameanza kurudi kule, mimi wa miezi saba nitashikilia nini? Akianguka naanguka naye. Hilo nililiona wazi kabisa. Ila suruali yangu ya kazi, ambayo siku hizo nilikuwa naifunga kwa pini, sikuiweka kwenye hesabu hiyo.

Sharti lilisema mwambie yeye kwanza. Sikumwambia. Nilijitetea kwamba ni mkubwa wangu, kwamba haifai mdogo kumwambia mkubwa umekonda, kwamba atakana, kama mimi nilivyokana miaka yote. Nikaenda Kaloleni siku ya kazi, nikaomba ruhusa kwa msimamizi kwa kusema naumwa jino, nikakaa mbele ya lile pazia la kijani, nikamwaga kila kitu: mtandio, kioo, bangili, mpira. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyoandika ripoti ya maua yaliyokataliwa.

Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Jumamosi, nani anaanza kupakua?"

"Mimi. Yeye ni mkubwa wangu."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Unampakulia kiasi gani siku hizi?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba swali si hilo, swali ni yeye ananipakulia kiasi gani. Nilitaka kumwambia, ananipakulia upawa mmoja mdogo, usiojaa. Na mkono wangu, hapo kwenye kiti, ukakumbuka. Ulikumbuka upawa mmoja mdogo usiojaa ukienda kwenye sahani yake, kabla ya yangu. Ulikumbuka ule mmoja na nusu, baada ya yale maneno ya kanisani. Ulikumbuka pawa mbili za siku ya kwanza, nilizotia kwa sababu sikutaka kuonekana mchoyo, na pawa mbili alizonirudishia. Hakuwahi kunipunguzia hata punje. Kila Jumamosi alikuwa amenipa kile nilichompa.

"Sawa na anachonipa," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Na akirudi kwake anapakua kwa kipimo hicho wiki nzima," muuguzi alisema. "Na wewe pia. Panda kwenye mzani, uzipe mgongo namba."

Nikapanda. Hakunitajia kitu, lakini alichukua muda kuandika. Nilimuuliza, kwa kuwa nilitaka mtu mwingine naye awe na kosa siku ile, kama yule mama alikuwa anamletea habari zangu, tangu ile ya kwaya. Muuguzi aligeuka akanitazama kwa mshangao.

"Ya kwaya uliniambia mwenyewe, siku ile ulipolia. Yeye nilimuuliza habari zako mwezi uliopita, nikiwa na wasiwasi. Akaniambia nikuulize wewe."

Nilitoka nje nikatembea kupita uwanja wa mpira bila kujua ninaelekea wapi. Mlima Meru ulikuwa wazi siku hiyo, hauna wingu, nami sikutaka kuutazama. Nilikuwa nimemwogopa mtu mmoja kwa miezi saba kwa kosa la kupeleleza ambalo hakulifanya, na nimelifanya mimi. Nilijisikia mchafu. Niliwaza pia kuhama, kutorudi Jumamosi, kupotea kama nilivyompotea mama. Jambo hilo nililifikiria kwa makini, hata nauli.

Jumamosi nikaenda. Nilimkuta anakunja vitambaa, mtandio umefungwa, mpira uko mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajasema nipite nyuma nikamwambia pale pale mbele ya meza ya duka, "Mama, Jumatano nilikwenda kwa muuguzi kukusema."

Aliendelea kukunja. Alikunja kitambaa kizima, akakiweka juu ya kingine, akasawazisha kona.

"Ulitakiwa kuniambia mimi kwanza."

"Ndiyo mama."

"Ungeniambia nini?"

"Kwamba bangili zinashuka. Kwamba umevaa mpira."

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana kwake. Nikamwambia na lile jingine, ambalo lilikuwa gumu zaidi: kwamba ni mimi niliyeanza, kwamba nilikuwa nampunguzia yeye ili nijue nitapunguziwa, hata kama sikujiambia hivyo. Kwamba nilifurahi. Nilianza kulia katikati ya sentensi, na mteja aliyekuwa anaingia akaghairi mlangoni akaondoka.

Yule mama alivuta kiti akakaa. Aliuvua ule mpira, na bangili zikashuka zikagonga mfupa wa kiganja.

"Unafikiri sikuona?" akasema. "Ile Jumamosi ya kwanza niliona upawa wako. Nikasema nitamwambia. Halafu nikaona sahani yangu, nikaipenda. Nikasema, si mimi, ni yeye. Mimi nafuata tu, nampa anachonipa." Alizisukuma bangili juu, zikashuka tena. "Kila wiki ulipopunguza nilishukuru. Mtu mzima, nina wajukuu, nashukuru wewe unaniua."

Sijawahi kusikia mtu akisema kilichomo ndani yangu kwa maneno yaliyonyooka namna ile. Nilisema samahani mama, akasema hata mimi, na hatukukumbatiana, maana hakuna kati yetu aliyekuwa anapenda kushikwa.

Akafunga mlango wa duka kwa ndani, mchana kweupe, siku ya soko. Akaenda nyuma, nikamfuata. Hotpoti zilikuwa tatu kama kawaida: wali, dengu, mchicha. Aliketi, akasogeza sahani yake katikati ya meza, akanipa upawa.

"Anza wewe," akasema.

Nilichota upawa, ukajaa, nikamtilia. Wali kidogo ukamwagika kwenye kitambaa cha meza. Nilichota wa pili, ukajaa. Aliitazama ile sahani nami nikaona uso wake umebadilika, nikaona anaogopa, mtu mzima kama yule, na ilibidi nijizuie nisipunguze kwa huruma. Nikamwagia dengu, nikaweka mchicha, nikampa upawa.

Nikamsogezea sahani yangu ikiwa tupu. Sasa ningepata nilichompa, na wote tulijua. Alitia upawa wa kwanza. Alitazama yake, akatazama yangu, akakaa ameshika ule upawa hewani juu ya hotpoti muda mrefu, hata nikadhani ataurudisha. Halafu akachota tena, mpaka zikawa sawa.

Tulikaa mpaka saa kumi. Wateja waligonga wakachoka. Nilichukia kila tonge, naye hakuficha kwamba anachukia yake, na hatukuzungumza habari za pamba wala kwaya. Kila mmoja alikuwa anaitazama sahani ya mwenzake. Yake ilipokwisha, yangu ilikuwa bado na wali kidogo pembeni, akaniambia, "Nipo," akabaki amekaa.